Bibi Anasikika Windhoek

Mwezi uliopita nilipeleka redio ya gari kwa fundi, huku ninakoishi sasa, mbali na Ifakara. Fundi akaifungua, akaiwasha ikiwa wazi vilevile juu ya meza, na vumbi lililokuwa limelala kwenye nyaya zake likaanza kuungua taratibu. Mlango wa pili ni duka la nafaka, na magunia ya mchele yalikuwa yamepangwa mpaka barazani kwake. Harufu hizo mbili zikakutana puani mwangu nikasahau nilichokuwa nasema. Fundi aliniuliza kama nataka na spika mpya, nikaitikia ndiyo bila kumsikia, na sasa nina kigari kidogo chenye spika za baa.

Ilikuwa harufu ya stoo ya Bibi. Nimejaribu mara nyingi kuwasimulia watu wa rika langu mambo ya stoo ile, na kila nikifika katikati naona wananitazama kwa huruma, wakidhani nimechanganya ndoto na kweli. Siwalaumu. Mimi mwenyewe niliyaelewa yale mambo baadaye sana, na kuna kipande sijakielewa mpaka leo. Basi niyaandike, labda karatasi itanivumilia.

Bibi mzaa mama alikuwa mtu wa redio. Simaanishi mtu wa kusikiliza taarifa ya habari. Ujana wake wote alifanya kazi misheni, akikaa kwenye redio ya upepo na kuongea na zahanati za ng'ambo ya mto, upande wa Mahenge, masika njia zikiwa zimekatika. Nani ana uchungu wa uzazi, dawa gani imekwisha, mtumbwi upelekwe wapi. Simu za mkononi zilipoingia, ile redio ikafungiwa kabatini na Bibi akaagwa kwa kanga, cherehani na hotuba ndefu. Cherehani aliiuza upesi. Akaomba leseni ya wale watu wanaoongea redioni kwa kupenda tu, bila kulipwa na mtu, wakitafutana dunia nzima kwa sauti au kwa milio. Leseni hiyo ilimpa jina la hewani, mchanganyiko wa herufi na namba usio na maana yoyote kwa binadamu wa kawaida, nayo ilitiwa kwenye fremu ikatundikwa stoo, jirani na picha ya Bikira Maria.

Stoo yenyewe ilikuwa nusu magunia ya mpunga, nusu mitambo. Babu, ambaye alikuwa mkulima na hakupenda kitu kisichoota, alilalamika kila siku kwamba panya wanashiba nyaya. "Mke wangu ana marafiki Japani," alikuwa akiwaambia wageni, "na mimi sina rafiki hata mmoja hapa jirani, Namawala." Lakini niliwahi kumkuta amekaa mlangoni pa stoo, kofia mapajani, akimsikiliza Bibi anavyoita watu wasioonekana. Alikuwa anatabasamu peke yake.

Mimi nilikuwa naishi kwao kwa sababu ya shule. Baba alifanya kazi relini Mlimba na mama alikuwa huko pamoja naye. Nilikuwa kwenye umri wa mapengo ya mbele. Babu aliniita mke mdogo, Bibi aliniita mke mwenzangu, na mlo wa jioni uligeuka ugomvi wa kuigiza juu ya nani atampa mume kipande kikubwa cha kambare. Niliuchukulia ugomvi ule kwa uzito mkubwa. Niliamini kweli kwamba nyumba ile ilikuwa na wake wawili na kwamba mmoja wao ni mimi.

Kisha Bibi akaumwa, akafariki mpunga ukiwa bado mchanga shambani. Sitaeleza sana habari hiyo. Nakumbuka tu kwamba nyumba ilijaa viatu mlangoni na kwamba hakuna aliyegombania mume na mimi tena.

Kwetu marehemu anazikwa, jina halizikwi. Mavuno yakishaingia ndani na watu wakipata nafasi, ukoo unakutana kumaliza msiba, na jina la marehemu linakabidhiwa mjukuu. Nikachaguliwa mimi. Niliketishwa mkekani, nikazungushiwa kanga ya Bibi mpaka nikashindwa kutembea, na Mama Mkubwa, dada yake mama, anayekaa Mchombe, akanipaka unga wa mchele kwenye paji la uso. "Flora tunamwacha hapa mkekani," alisema kwa sauti ya kufika kwa majirani. "Anayesimama ni Otilia!" Nikasimama. Vigelegele vikapigwa. Halafu Mama Mkubwa, mtu mzima mwenye sauti na fimbo, akapiga goti mbele yangu akasema, "Shikamoo, mama." Nilimtazama mama yangu mzazi nijue la kufanya, naye akanionyesha kwa macho kwamba nijibu. "Marahaba," nikasema, na watu wote wakacheka kwa furaha huku wengine wakilia.

Hakuna aliyenieleza kwamba ule ulikuwa usemi tu. Kesho yake mkeka uleule ulianikiwa mpunga, nami nikakaa kando yake muda mrefu nikijiuliza kama Flora yuko chini ya mpunga au ameondoka na upepo. Shuleni mwalimu aliendelea kumwita Flora na mimi nikaendelea kumwitikia kwa niaba yake. Nyumbani nilikuwa Otilia. Mama alirudi Mlimba ameniaga, "Baki salama, mama." Mjomba Desi, mdogo wake mama, fundi simu wa pale stendi, alininunulia soda akasema, "Kunywa mama, ulinilea mwenyewe."

Babu peke yake ndiye ambaye hakuniita. Utani wa mke mdogo uliisha siku ileile ya mkeka. Akinihitaji alisema, "We mtoto," au alimtuma mtu mwingine kabisa. Aliniangalia pale nilipovaa ile kanga, akatoka kwenda kuangalia kuku. Nilimpoteza Bibi, nikaambiwa Flora amebaki mkekani, na sasa naona mume naye ananikimbia. Nilitaka jambo moja tu duniani, Babu aniite. Kwa jina lolote lile.

Juu ya kabati kulikuwa na boksi lililotoka posta wakati wa msiba. Lilikuwa limeandikwa jina la Bibi, limetumwa na mzee mmoja wa Italia, rafiki yake wa hewani ambaye hawakuwahi kuonana. Babu alikataa lifunguliwe kabla ya kumaliza msiba. Siku chache baada ya mkeka, Mama Mkubwa, ambaye alikuwa amebaki kutupikia, alilishusha akalipangusa.

"Hili lina mwenyewe," alisema. "Njoo, mama. Mzigo wako huu."

"Siyo wangu," nikasema.

"Jina la nani hili hapa? Soma."

Nikasoma. Otilia. Nilikata gundi kwa kisu cha jikoni, nikiwa na hofu kwamba Bibi angetokea mlangoni aniulize nani ameniruhusu kugusa vitu vyake.

Ndani kulikuwa na skrini ya ukubwa wa picha ya harusi ya mezani, ina kiguu nyuma, waya wake, na karatasi ya maelezo ya Kiingereza. Mjomba Desi aliisoma akikuna kidevu. Akasema ni kioo cha watu wa redio. Hakina sauti, hakiongei. Kinaunganishwa na waifai, kisha kinaonyesha ramani ya dunia, usiku umefika wapi na mchana umefika wapi, na watu wa redio wanasikika wapi. Bibi lazima alikiomba mwenyewe kabla hajaugua.

"Sisi hatuna waifai," Babu alisema.

"Tutatumia hotspoti ya simu yangu, Baba."

Hapo ndipo mateso yalipoanza. Kioo kile kilitaka kwanza simu iunganishwe nacho, ili ufungue ukurasa wake na kukijazia mambo yako. Mjomba akiunganisha simu na kioo, hotspoti inajizima. Akiwasha hotspoti, ukurasa unapotea. Akaazima simu ya Mama Mkubwa iwe hotspoti, ikagundulika Mama Mkubwa hana bando. Nikatumwa kununua vocha. Niliporudi, kioo kilikuwa kimezimika chenyewe na kuanza upya, na Mjomba alikuwa anaongea nacho kwa lugha ambayo Mama Mkubwa alinifunika masikio nisiisikie. Zoezi lile lilichukua siku kadhaa. Kila jioni Mjomba alirudi kutoka stendi, akala kwa haraka, akakaa mezani na kioo chake, na sisi wengine tukazunguka meza kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa na daktari.

Ilipofika sehemu ya jina la hewani, Mjomba aliinua kichwa. "Kinataka jina. Sisi tuna moja tu." Akaenda stoo, akashusha ile leseni ya fremu, akanakili herufi na namba zake moja moja. Kilipouliza mwenye kituo ni nani, akaandika Otilia. Kilipouliza mahali, akaandika Ifakara. Kikajizima, kikawaka, kikazungusha kiduara muda mrefu mpaka Mama Mkubwa akaanza kusinzia. Halafu ramani ikatokea.

Ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Bahari za buluu, nchi za kijani, kivuli cha usiku kikiwa kimefunika upande mmoja. Katikati kidoa chekundu, ni sisi. Juu kabisa, kwa maandishi makubwa: jina la hewani la Bibi, na chini yake, OTILIA. Nilijisikia fahari. Nilidhani ni mimi.

Tukiwa bado tunashangaa, mstari mwembamba ukachomoka kwenye kile kidoa chekundu, ukashuka kusini ukaishia pembeni mwa Afrika. Pembeni kukatokea maandishi. Mjomba akayasoma, akayasoma tena.

"Kinasemaje?" Babu aliuliza.

"Kinasema... amesikika."

"Nani?"

Mjomba alisogea karibu. Akaweka kidole kwenye kioo. "Windhoek. Huko Namibia. Kuna mtu Windhoek amemsikia Mama. Dakika nne zilizopita."

Mama Mkubwa alipiga ishara ya msalaba. Mstari mwingine ukachomoka, ukavuka Sahara, ukafika Italia. Halafu mwingine, kwenye kisiwa ambacho Mjomba alishindwa kukitamka. Babu alikaa chini. Mimi nikamtazama kila mtu usoni nikitafuta aliyejua kinachoendelea. Hakuwepo. Naamini hofu yangu kubwa ya utotoni ilikuwa pale, siyo kwa ajili ya Bibi, bali kwa kuona wakubwa wote watatu wamechanganyikiwa sawasawa na mimi.

Babu ndiye aliyepata maelezo kwanza. Pembeni ya kioo kulikuwa na saa, na saa hiyo ilikuwa nyuma ya saa yetu. Leo najua ni saa moja ya dunia nzima wanayoitumia watu wa redio ili wasipishane, nayo iko nyuma yetu daima. Babu hakujua, wala Mjomba hakujua kwa wakati ule.

"Oneni," Babu alisema, akionyesha kwa kidole. "Huko muda haujafika. Bado hawajapata habari."

Aliyasema hayo kwa upole sana, kana kwamba anawaonea huruma watu wa Windhoek kwa taarifa watakayoipata. Mimi nililishika neno hilo kwa mikono miwili. Kumbe kifo kinasafiri. Kilikuwa kimefika Ifakara kwanza, na kwingine bado kiko njiani, na huko kisikofika Bibi anaendelea kuishi na kuongea.

Kuanzia hapo nikawa mlinzi wa kioo. Niliporudi shule nilivua viatu na kwenda kuangalia Bibi yuko wapi. Nilidhani ile mistari ni njia zake. Bibi, ambaye alipokuwa hai hakuwahi kuvuka Morogoro mjini, sasa alikuwa alfajiri Afrika Kusini na usiku Hispania, hapumziki. Kilichonitatiza ni kwamba mistari yote ilianzia kwetu. Kwa hiyo kila mara alikuwa anarudi nyumbani kwanza ndipo aende kwingine, na mimi simwoni. Niliweka unga kidogo mlangoni pa stoo nione nyayo. Nikakuta za kuku.

Na kulikuwa na jambo la Mjomba. Mjomba akiondoka na pikipiki kwenda stendi, simu inaondoka naye, hotspoti inaondoka na simu, na kioo kinabaki na ramani isiyo na mstari hata mmoja. Akirudi jioni, baada ya muda mfupi mistari inafumuka. Mimi sikujua habari za hotspoti. Nilichoona ni kwamba Bibi anatoka asubuhi na Mjomba na anarudi jioni na Mjomba, kwa hiyo anakaa mfukoni mwake. Nilianza kumpokea Mjomba kwa adabu isiyo ya kawaida. Nilimwomba asikae kwa nguvu.

Babu naye akabadilika. Alianza kuwahi kurudi shamba. Alinyoa ndevu. Jioni alivuta kigoda mbele ya kioo akakaa pale mpaka chakula kipoe, na mstari ukichomoka alisema kwa sauti ya chini, "Enhe." Nilikaa karibu yake nikitegemea atanigeukia. Hakugeuka. Yule aliyeitwa Otilia alikuwa kwenye kioo, na mimi ni mtoto fulani aliyekaa sakafuni. Nilimwonea Bibi wivu, nasema wazi. Nilikuwa namlilia na kumwonea wivu saa ileile.

Mama Mkubwa alivumilia kwa muda, kisha akasema lake, tukiwa tunachambua mchele.

"Baba, tumekosea. Mtoto tumempa jina ambalo mwenyewe bado analitumia."

Babu aliendelea kuokota vijiwe, naye akaendelea:

"Hajatulia yule. Watu wazima wawili hawawezi kuvaa gauni moja. Jumapili tuite ukoo, tulirudishe jina. Akishatulia, tutalitoa upya. Huenda akapewa hata mtoto mwingine."

"Mimi je?" nikauliza.

"Wewe utabaki ulivyo, mama." Alijishtukia kwa kuniita mama, akainamia ungo.

Nilivyo vipi? Flora alikuwa ameachwa mkekani mbele ya mashahidi. Wakichukua na Otilia, nilijiona nimesimama katikati ya uwanja bila jina, mtu anayetakiwa kuitwa na hakuna cha kumwitia. Nilimtazama Babu aseme hapana. Babu alichukua punje moja ya mchele, akaigeuza vidoleni, akasema, "Basi na iwe Jumapili." Nilikwenda nyuma ya choo nikalia mpaka kwikwi zikanikamata.

Mama Mkubwa, kwa kuwa wageni wangelala, alifua mablanketi yote ya nyumba. Waya wa kuanikia ulijaa haraka, akaanika yaliyobaki kwenye ule waya mwingine mrefu uliotoka kwenye paa la stoo mpaka kwenye mianzi miwili mwisho wa uwanja. Mjomba alikuwa nyumbani siku hiyo, anatengeneza pikipiki. Mablanketi mabichi yana uzito wake. Mianzi ikapinda, mmoja ukang'oka, na waya ukalala chini na mablanketi yake kwenye vumbi. Mama Mkubwa akaanza kufua upya, akilaani mianzi.

Alasiri Babu alivuta kigoda chake. Kioo kilikuwa kinawaka na Mjomba yupo, lakini ramani haikutoa mstari mpya. Tulisubiri. Hakuna mstari.

"Ametulia," Mama Mkubwa alisema kutoka mlangoni, mikono ina povu. "Mungu ni mwema. Ametulia mwenyewe, hata Jumapili haijafika."

Nilifurahi. Moyo uliruka kabisa, kwa sababu nilijua nimebaki na jina. Halafu nikamwona Babu. Alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye ukingo wa meza, na mabega yake yalikuwa yanatikisika bila sauti. Siku ya mazishi hakulia. Alikuwa amekiweka kilio chake mpaka siku ile, nami nikatamani nimrudishe Bibi kwa mikono yangu.

Mjomba ndiye aliyemrudisha, bila kukusudia. Alitoka nje kuusimamisha ule mwanzi uliokuwa umeziba njia ya pikipiki. Aliposhindilia udongo na kuingia ndani kunawa, mstari ukachomoka. Windhoek. Babu akainua uso. Mjomba akasimama na mikono yake inayochuruzika maji, akatazama kioo, akatazama nje kwenye mwanzi, akatazama tena kioo. Yeye ni fundi. Alitoka, akaufuata ule waya kwa macho kutoka kwenye mwanzi mpaka kwenye paa, akaingia stoo, na tukamsikia akisogeza magunia.

"Baba, njoo uone," aliita.

Juu ya kenchi za paa, nyuma ya magunia, kulikuwa na kopo la maziwa ya unga. Waya wa nje uliingia ndani ya kopo. Waya mwingine ulitoka kwenye kopo kwenda kwenye betri, na betri ikaenda kwenye sola iliyokuwa juu ya bati, ile ambayo sote tulidhani ni ya taa. Pembeni ya kopo kulikuwa na kitaa kidogo cha kijani. Kilikuwa kinawaka na kuzimika, kinawaka na kuzimika, na kutoka pale kopo lilipokuwa limekaa ilikuja ile harufu ya vumbi lenye joto.

"Ni hiki," Mjomba alisema. "Mama alikitengeneza. Kinarusha jina lake la hewani kwa ule waya wa nje, kila baada ya muda, chenyewe. Watu huko nje mashine zao zikilinasa zinatoa taarifa kwenye mtandao, na kioo kinatuonyesha. Hakuna mtu anayeongea, Baba. Ni kopo."

"Kopo limejuaje jina lake?"

"Alilifundisha."

"Akaliambia liite?"

"Ndiyo."

"Basi anayeita ni yeye," Babu alisema, na nimekaa na jibu hilo miaka yote hii bila kupata la kumjibu.

Mjomba alijifuta uso. Alieleza kwamba haifai kuliacha liendelee. Leseni ilikuwa ya Bibi, na Bibi hayupo, na mtu haruhusiwi kutumia jina la hewani la mwingine.

"Mtoto huyu amerithi jina," Babu alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilitaja jambo hilo.

"Amerithi la nyumbani, Baba. La hewani halirithiwi. Linarudi serikalini."

"Serikali italifanyia nini?"

Mjomba akapangusa vumbi kwenye betri. Babu alilitazama kopo kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimesimama kati yao, kichwa kinazunguka, najaribu kupanga: kumbe majina yalikuwa mawili. Lile lililokuwa linatembea dunia nzima halikuwa langu wala halikuwahi kuwa langu. Langu ni lile lingine, la kuitiwa jikoni.

"Lizime," Babu alisema. Mjomba akanyoosha mkono, Babu akaushika. "Si wewe." Akanitazama mimi, usoni kabisa, kwa mara ya kwanza tangu siku ya mkeka. "Zima wewe."

Mjomba akaninyanyua. Swichi ilikuwa ndogo sana, ya tochi. "Nikizima ataenda wapi?" niliuliza.

"Sijui," Babu alisema. "Nisikudanganye."

Nilibonyeza. Kile kitaa cha kijani hakikuwaka tena. Nilitegemea kusikia kitu, lakini nilichosikia ni kuku tu na Mama Mkubwa akikung'uta blanketi.

Asubuhi Babu alikuwa kwenye kigoda chake. Mjomba alitakiwa kwenda Mlimba kupeleka simu za watu, akawa amesimama mlangoni na kofia yake ya pikipiki, anatazama mgongo wa baba yake. Mwishowe alitoa simu yake mwenyewe mfukoni, akaiweka mezani karibu na kioo, hotspoti ikiwa imewashwa, akaondoka bila simu. Fundi simu, njia nzima ya kwenda Mlimba, bila simu. Wakati ule nilidhani amesahau.

Tulikaa, Babu na mimi. Kioo kilikuwa bado kinaonyesha waliomsikia jana, na mbele ya kila mmoja muda uliopita ulizidi kuwa mrefu. Walipofikia kikomo fulani walifutika, mmoja baada ya mwingine. Italia ikaondoka. Kile kisiwa kikaondoka. Windhoek ikabaki peke yake, na Babu akasogeza kigoda mbele. Ilipofutika alisema, "Enhe," kama kawaida yake, akavaa kofia yake, akaivua tena. Ramani ilibaki safi na jina juu yake.

Mchana Mama Mkubwa, ambaye hakutaja tena habari ya Jumapili, alitenga wali na mchuzi wa kambare. Babu alinawa, akafinyanga tonge, akaonja, akasimamisha mkono.

"Otilia!"

Nilijua anamwita nani, nami pia nikamsubiri Bibi aitike. Mama Mkubwa aliacha kutafuna. Babu aliangalia sahani yake, kisha akageuza kichwa taratibu mpaka macho yake yakanifikia.

"Otilia," alisema tena. "Nakuita wewe."

"Abee."

"Lete chumvi, mke wangu."